Ng'ombe wa Nani? Swali la Mzee Samweli kwa Kiongozi
Somo: 1 Samweli 8:1-5, 12:1-5



Hapa Kajiado ukigusa ng'ombe wa mtu umemgusa roho. Ukame wa 2022 ulimaliza mifugo, na kuna maboma hayajainuka mpaka leo. Hapa Kitengela nako, kuna kijana ambaye punda mmoja wa kusomba maji ndiye kodi, karo na unga. Kwa hivyo swali la Samweli tunalielewa haraka. Akiwa mzee mwenye mvi alisimama mbele ya Israeli yote akauliza: nani alichukuliwa ng'ombe wake au punda wake? Nani alidhulumiwa? Nani alimpa hongo? Kama yupo, ajitokeze arudishiwe.

Siku hiyo hakuna aliyemshtaki. Alijipeleka mwenyewe kwenye mizani. Tena aliomba mtiwa mafuta wa Bwana, mfalme Sauli, awe shahidi. Leo sisi tukiulizwa hesabu, tunageuza mafuta kuwa ukuta wa kujifichia.

Wacha niseme yangu. Miaka kadhaa iliyopita, nikihudumu kanisa lingine, nilisimamia mchango wa mabati. Mama mmoja mjane akaniuliza baada ya ibada, "Pasta, ile pesa ya mabati imefika ngapi?" Nikamjibu kwa ukali kwamba hiyo ni roho ya mashaka. Akanyamaza, akaenda zake.

Usiku sikulala. Nikafungua daftari, nikalinganisha na jumbe za M-Pesa. Shilingi 14,500 hazikuwepo. Mimi sikuwa nimekula hata ndururu. Lakini kijana niliyemwachia simu ya michango, niliyempenda kama mdogo wangu, alikuwa "akikopa" kidogo kidogo.

Sasa swali: je, mikono yangu ikiwa safi, inatosha?

Samweli mwenyewe anatujibu, na jibu linauma. Aliwaweka wanawe, Yoeli na Abiya, kuwa waamuzi Beer-sheba, wakapokea rushwa na kupotosha hukumu. Kila mwaka mzee alizunguka Betheli, Gilgali na Mispa, akarudi Rama. Beer-sheba, mbali kusini, haimo katika orodha ya ziara zake. Habari za wanawe aliletewa na wazee wa Israeli. Na huyu ndiye yule mtoto ambaye ujumbe wake wa kwanza kutoka kwa Bwana ulimhusu Eli, aliyeshindwa kuwazuia wanawe! Watu walipodai mfalme, walianza na hayo mawili: wewe umezeeka, na wanao hawafuati njia zako.

Mpendwa, mtu aliyeonewa Beer-sheba hakusaidiwa na usafi wa Samweli aliye Rama. Yule uliyemweka ni mkono wako pia.

Chuoni, nikisomea biashara, tulifunzwa kwamba anayepokea pesa asiwe ndiye anayeandika kitabu. Nilidhani ni kanuni ya watu wasioaminiana. Siku hizi naiona kuwa upendo. Yule kijana nilimwacha peke yake na jaribu, halafu nikaita hiyo kumwamini.

Nilienda nyumbani kwa yule mama nikaomba msamaha. Jumapili nikasema mbele ya washirika, na zile 14,500 nikazilipa kutoka mfukoni mwangu kwa miezi mitatu. Kijana hatukumfukuza, tulimrudisha polepole, akihesabu na wenzake wawili.

Katiba yetu ya 2010 ina Sura ya Sita nzima juu ya uongozi na uadilifu. Tunaipigia kelele wanasiasa wakikosea. Basi wewe mzee wa kanisa, mwenye chama, mama wa nyumba, wiki hii simama kama Samweli uulize. Halafu funga safari mpaka Beer-sheba yako, uone mwenyewe.

Tuombe: Bwana, tupe mikono safi, na ujasiri wa kukagua kazi tuliyokabidhi wengine. Amina.