Nani Alilipia Paa?

"Umeokoka?" Swali hili hurushwa kwenye feri ya Likoni, mhubiri akiwa amesimama kati ya mikokoteni na akina mama wenye mizigo, sauti yake ikishindana na injini. Ng'ambo ya pili ndiyo njia ya Ukunda, Diani, Msambweni hadi Lungalunga mpakani. Abiria wengi hawamjibu. Mimi nami simjibu, lakini swali hushuka nami, na mara nyingi nimefika Ukunda ningali nalitafuna. Dini yake naifahamu. Kinachonisumbua ni kitenzi.

Kwale, inakopita njia hiyo, ni nchi ya minazi, basi tuanze na nazi. Mkwezi akipanda, anaangua nazi, na nazi zimeanguliwa. Kusi ikivuma usiku kucha, asubuhi tunasema nazi zimeanguka. Neno la kwanza linadai mtu: ni nani huyo, na ujira wake ni kiasi gani? La pili halimdai yeyote. Ndivyo ilivyo kwa kuokolewa na kuokoka. Aliyeokolewa, ukimbana, sharti ataje aliyemwokoa. Aliyeokoka hadaiwi jina. Yupo tu upande wa pili wa hatari, kama nazi iliyo chini ya mnazi. Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ukaingia Kenya mwaka 1937, ulieneza ushuhuda wa aina hii katika Afrika Mashariki nzima, na leo "nimeokoka" ni kama kitambulisho. Ni neno la kumpa Mungu sifa zote kwa kutomtaja mtu. Lakini linaficha jambo. Kila aliyeokoka ninayemjua ana hadithi yenye watu ndani yake: nyanya aliyekuwa akiamka alfajiri kumwombea, mwalimu wa shule ya Jumapili, jirani aliyemletea uji.

Je, hao walimwokoa? Au walikuwepo tu nazi ilipoanguka?

Mtume Paulo hakuwa na haya ya kisarufi tuliyo nayo. Akiwaandikia Wakorintho anamuuliza mke mwamini atajuaje kama atamwokoa mumewe. Anasema amejigeuza kuwa mtu wa kila namna ili awaokoe baadhi. Timotheo anaambiwa akijiangalia yeye na mafundisho yake, atajiokoa pamoja na wanaomsikia. Mtu ndiye mtenda wa kuokoa, waziwazi, tena kwa kalamu ya mtu aliyepigania neema kuliko wote. Paulo huyo huyo anasema yeye alipanda, Apolo akatia maji, na aliyekuza ni Mungu. Kabla yake, Ezekieli alikwisha kukata maneno: nchi ikiasi, hata Nuhu, Danieli na Ayubu wangekuwamo, haki yao ingewaponya wao peke yao, wala si watoto wao. Na mtunga Zaburi ya 49 anashikilia kwamba hakuna awezaye kumkomboa nduguye, maana gharama haifikiki.

Mwenye haraka atachagua upande mmoja. Atasema Mungu pekee ndiye aokoaye, mengine ni kelele. Kisha jioni atapiga magoti amwombee mwanawe mlevi, kana kwamba magoti yake yana kazi. Au atasema twende tukavune roho, na mwisho wa mwezi atapeleka hesabu: walioinua mikono, waliobatizwa, jumla kuu. Huyu wa pili hunichosha zaidi. Roho inayohesabika kama magunia ya korosho nina wasiwasi nayo.

Mimi hurudi Kapernaumu, kwenye ile nyumba iliyojaa watu hata mlangoni. Watu wanne wanamleta mgonjwa aliyepooza, hawapati nafasi, wanapanda juu, wanatoboa paa na kumteremsha na kitanda chake mbele ya Yesu. Mtu wa Diani huielewa hadithi hii kwa mikono. Paa la makuti lina kazi: makuti yanapindwa na kushonwa, yanapangwa safu kwa safu kuanzia chini kwenda juu, kila safu ikiilalia iliyo chini yake, yanafungwa kwenye fito kwa kamba. Kutoboa tundu la kupitisha kitanda ni kukata kamba nyingi na kuharibu safu kadhaa, huku vumbi na mende wakiwaangukia waliokaa ndani wakisikiliza neno. Hilo si jambo la adabu. Na Marko anaandika kwamba Yesu alipoiona imani yao, yao wale, ndipo alipomwambia mgonjwa kwamba dhambi zake zimesamehewa. Miguu ilifuata baadaye.

Hapo ndipo hoja nzima ilipo. Wafafanuzi wengi huharakisha kusema kwamba katika "yao" na mgonjwa yumo. Huenda. Lakini mgonjwa hasemi neno hata moja tangu mwanzo wa kisa hadi mwisho. Hatujui kama aliomba kubebwa. Hatujui kama wale wanne walikuwa na mafundisho sahihi, au walijua tu kwamba aliyemo ndani anaweza. Msamaha, jambo la siri kuliko yote kati ya mtu na Mungu wake, ulimfikia mtu kwa njia ya paa lililotobolewa na wengine.

Wanafalsafa wa Kanisa walilipanga jambo hili vizuri, labda vizuri mno. Augustino, Mwafrika wa kaskazini, alibatizwa Milano mwaka 387 baada ya mama yake Monika kumlilia miaka mingi. Baadaye akawa ndiye mpinzani mkubwa wa Pelagio, akifundisha kwamba neema haitokani na mtu hata chembe. Mtoto wa machozi ya mamaye ndiye aliyekuja kusema machozi si chanzo. Hakujipinga: kwake, machozi yenyewe yalikuwa zawadi. Karne nane baadaye Thoma wa Akwino alisema hatuombi ili kuibadilisha azma ya Mungu. Tunaomba ili tupate yale aliyokwisha kuazimia kuyatoa kupitia sala. Nakubali. Ila mwamini katika picha hii anageuka kuwa bomba: maji yanapita ndani yake, naye hana habari. Wale wanne hawakuwa bomba. Bomba halipandi juu ya nyumba ya watu.

Historia ya pwani hii inalo jibu lenye damu zaidi. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo akamzika mkewe Rosine na binti yao mchanga upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Mwaka 1846 akaja Johannes Rebmann, na wote wawili wakafungua kituo Rabai, kwa Warabai, ndugu wa Wadigo na Waduruma katika Mijikenda. Krapf alitembea, akaandika, akakusanya maneno ya kamusi ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1882, yeye akiwa ameshafariki. Rebmann alikaa hadi mwaka 1875, karibu miaka 30, akaondoka kipofu. Waongofu? Wachache wa kuhesabika kwa vidole miaka mingi. Na wa kwanza wao alikuwa nani? Mringe, mlemavu aliyekuwa karibu na kifo. Sina haja ya kuitia chumvi: aliyepooza tena, na waliobeba kitanda tena, ila safari hii hapakuwa na umati mlangoni.

Kwa vipimo vya taarifa za mwisho wa mwezi, Rebmann alishindwa. Nami nasema hatuna mizani ya kumpimia. Ukweli mmoja lakini usiachwe nje: wazee wa Rabai ndio waliowapa wageni hao ruhusa na mahali pa kukaa. Aliyekuja kuokoa aliishi kwa hisani ya aliodhani wamepotea.

Rabai hiyo hiyo inatupa neno la pili, kukomboa. Leo "Mkombozi" ni jina la kwaya na la chama cha akiba. Katika pwani ya karne ya 19 lilikuwa neno la deni. Njaa ilipobana, wazazi wa Kimijikenda waliweka watoto rehani kwa watu wa mjini wapate nafaka. Mtoto akikombolewa, alirudi nyumbani. Asiyekombolewa alipotelea utumwani, na anayeshuka pangoni Shimoni, kusini mwa Msambweni, huoneshwa mahali ambapo wenyeji husimulia kwamba watumwa walifungwa wakingoja majahazi. Katika miaka ya 1880 watumwa watoro walikimbilia misheni ya Rabai, iliyokuwa mikononi mwa William Jones, Myao aliyetekwa utotoni, akalelewa India, akarudi akawa kasisi. Wenye watumwa walidai mali yao, na wakubwa wa misheni wenyewe walikataza kuwapokea watoro. Watoro walibaki. Tarehe 1 Januari 1889 zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru, baada ya Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki kuafikiana na mabwana kuwalipa fidia.

Je, Kampuni iliwapenda? Ilitaka amani ya biashara yake. Fedha zile zilimlipa mwizi kana kwamba ndiye mwenye mali. Hata hivyo, aliyeshika hati asubuhi ile alikuwa huru kweli. Msaada haungoji moyo safi wa msaidizi. La sivyo hakuna mtu angewahi kusaidiwa.

Kusini mwa Likoni mwamini Mkristo haishi peke yake na hoja zake. Wadigo wengi ni Waislamu, na swali hili wanalijua kwa jina jingine. Jirani yangu mmoja, mzee wa Kidigo, nilimuuliza siku moja tukiwa tumekaa kwenye kibao nje ya duka.

"Mzee, kwenu mtu anaweza kumwokoa mwenziwe?"

"Kila nafsi na mzigo wake, mwanangu," akasema. "Lakini shufaa iko, kwa idhini ya Mwenyezi Mungu." Akanyamaza kidogo. "Mtume mwenyewe alimpenda ami yake Abu Talib, aliyemlea. Hakuweza kumwongoa. Wewe utaweza kuliko Mtume?"

Sikuwa na la kumjibu. Mzee huyo huyo ndiye aliyenisaidia usiku mmoja kumpeleka mgonjwa wa kanisa letu hospitali ya Msambweni: mgonjwa katikati ya bodaboda, mbele yake dereva, nyuma yake mzee amemkumbatia asianguke, mimi nikifuata na pikipiki ya pili. Alikuwa akinong'ona dua njia nzima. Kama ni kubeba kitanda, alibeba yeye.

Na mbele kidogo, Kinondo, wazee wa kaya, ule msitu mtakatifu, huomba kwa ajili ya mvua na usalama wa watu wote, waliomo msituni na wasiomo. Huko uzima haugawanywi mtu mmoja mmoja. Mhubiri wa feri angesema hilo si wokovu. Labda. Lakini amewahi kuwauliza wazee hao wanaomba nini?

Nimechelewesha jambo ambalo Mkristo wa pwani hawezi kulikwepa tena. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, ya watoto ikiwamo. Mashtaka na maelezo ya walionusurika yanasema waumini waliambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Huo nao uliitwa kuwasaidia wengine waokoke. Walikuwapo wazazi walioamini kwamba wanawabeba watoto wao kwenda kwa Bwana.

Basi tofauti iko wapi? Si katika bidii, maana Shakahola bidii ilikuwapo. Wala si katika idhini ya anayebebwa: yule wa Kapernaumu hakuulizwa mbele yetu, na mtoto anayebatizwa haulizwi. Mimi naiona katika gharama. Wale wanne walitoa jasho lao na kuhatarisha jina lao. Mgonjwa hakutozwa kitu. Krapf alizika watu wake. Jones aliweka cheo chake hatarini. Monika alitoa machozi yake mwenyewe. Kule msituni gharama ilitozwa mwili wa anayeokolewa, na mdogo ndiye aliyeanza kulipa. Ninaposikia mtu akisema anawaleta wengine kwenye wokovu, ninachouliza siku hizi ni kimoja: nani analipa?

Kwa kipimo hicho nasema ndiyo, mwamini anaweza kuwasaidia wengine waokoke, na msaada huo ni wa kweli, haukuwekwa pale kuwa pambo la kazi ya Mungu. Ila hana risiti. Walipofika ukingoni mwa tundu, kamba mkononi, kazi ya wale wanne ikaisha. Neno lililosemwa chini halikuwa lao, na Marko hasemi kama walishuka kulisikia. Anayetaka kujua idadi ya aliowaokoa ameshawaacha wagonjwa, anaangalia ngazi.

Swali la paa lingali linanisumbua, nikipita Diani nikiona mafundi wakiteremsha makuti makuukuu, kwa maana makuti hayadumu, kila baada ya miaka kadhaa huezekwa upya. Kulikuwa na mwenye nyumba. Alikaribisha watu kuja kusikiliza, akaishia na tundu juu ya kichwa. Luka anataja vigae, Marko anasema walitoboa. Hakuna kati yao anayetuambia paa liliezekwa tena lini, wala na nani.