Kitabu kwa Watu Wachache

Je, yafaa kufasiri Kitabu kizima cha Mungu katika lugha ya watu elfu chache tu? Wengi hujibu upesi: La, heri wafundishwe lugha iliyo kubwa. Kabla hujakubali neno hili, ndugu msomaji, sikia habari za Aneityum.

Aneityum ni kisiwa kidogo, upande wa kusini wa nchi iitwayo leo Vanuatu. Mwaka 1848 alifika huko John Geddie, mchungaji wa kutoka Nova Scotia, na mwaka 1852 akaja John Inglis, Mskoti. Wakajifunza lugha ya wenyeji, wakafasiri, wakafundisha wazee kwa watoto kusoma. Agano Jipya lilipigwa chapa London mwaka 1863. Agano la Kale likamalizika mwaka 1879.

Nani aliyetoa gharama? Wenyeji wenyewe. Fedha hawakuwa nayo, lakini walikuwa na uwanga. Wakachimba mizizi yake, wakaikuna, wakaosha unga kwa maji mengi, wakauanika juani, ukapelekwa ng'ambo kuuzwa. Kazi hiyo si ya siku moja, wala si nyepesi kwa mikono.

Lakini mwaka 1861 surua iliingia kwa njia ya merikebu, ikaua yapata theluthi ya watu. Maradhi mengine yakafuata, hata wale maelfu wakawa mamia. Basi wengi waliokuna uwanga hawakukifungua kamwe Kitabu kizima walichokilipia.

Hapo mwenye hesabu husema: Hasara tupu. Nami sitaki kumjibu kwa wepesi, maana bahari iliyoleta vitabu ndiyo iliyoleta na mauti. Tena ni kweli kwamba asiyejua lugha ya jirani zake hufungiwa nyumbani mwake. Walakini naona swali letu limeulizwa vibaya. Twauliza kama wachache wastahili gharama, kana kwamba sisi ndio tunaolipa. Wale walilipa wenyewe. Hata baada ya surua, waliosalia walirudi kwenye uwanga wao, na Agano la Kale lilikuwa bado halijachapwa. Yeye awaambiaye kwamba walikosa, na atuonyeshe ni idadi gani ya watu inayotosha.

Lugha ile haikufa. Hata leo yasemwa kisiwani na watu mia kadhaa.