Je, Aliyenyamaza Amekubali?

Katika mikutano yetu mingi, mwenyekiti akimaliza maelezo yake huuliza, "Tumekubaliana, ndugu wajumbe?" Watu hukaa kimya, naye katibu huandika katika kumbukumbu kwamba wajumbe wote wameafiki. Ni haki gani inayomruhusu katibu kugeuza kimya kuwa kura? Swali hili laweza kuonekana dogo, lakini kwa kimya cha namna hiyo mashamba hugawiwa, mabinti huozwa, na wagonjwa hurudi nyumbani na dawa wasizojua kuzitumia.

Wapo wataalamu waliolichunguza jambo la mazungumzo kwa makini. Harvey Sacks, mwanzoni mwa miaka ya 1960, alisikiliza kanda za simu zilizopigwa katika kituo kimoja cha Los Angeles na watu waliokata tamaa ya kuishi. Mwaka 1974, yeye na Emanuel Schegloff na Gail Jefferson walichapisha makala iliyoonyesha kwamba maongezi ya kawaida, ambayo sisi hudhani hayana mpango, yana utaratibu wake: watu hupokezana zamu, na zamu hizo hakuna mkubwa aliyezipanga, wazungumzaji wenyewe huzigawa hatua kwa hatua. Jefferson alibuni alama za kuandika hata kimya cha sehemu ndogo ya sekunde, maana kimya nacho husema.

Moja ya mambo yaliyogunduliwa na wataalamu hao ni hili: kukubali huja upesi, kukataa huchelewa. Mwambie jirani yako wa Ipinda, "Kesho tukavune mpunga wangu." Kama anakubali, atajibu hata kabla hujafunga mdomo. Kama hataki, atakaa kidogo, ataguna, kisha atasema, "Kesho... tatizo mtoto kaamka na homa." Neno "sitaki" halikutamkwa, lakini mwenye masikio amekwisha kulisikia katika kule kuchelewa. Basi kimya kinachofuata swali, mara nyingi, ni mwanzo wa kukataa. Katibu wetu ameandika kinyume cha alichosikia.

Wanyakyusa wa Kyela na Rungwe walikuwa na neno la kutaja raha ya kukaa na wenzako na kuongea: ukwangala. Godfrey na Monica Wilson waliishi kati yao kwa vipindi tangu mwaka 1934 hadi 1938, na mwaka 1951 Monica alichapisha kitabu alichokiita Good Company. Humo alieleza jinsi wavulana wa umri wa miaka kumi hivi walivyoondoka katika nyumba za wazazi na kuanza kijiji chao, wakakua humo pamoja mpaka uzeeni. Sababu moja ilikuwa adabu kati ya kijana na wake za baba yake. Nyingine ilikuwa ukwangala wenyewe: wazee waliamini kwamba mtu hupata hekima kwa kuongea na walio sawa naye, kwa kuwa mbele ya mkubwa kijana husikiliza tu.

Vijiji vya rika vya namna ile vimekwisha, lakini fikra iliyomo ndani yake haijachakaa. Wazee wale walitambua kwamba usawa wa kusema hauji wenyewe. Lazima utengenezewe mahali. Tusisahau pia kwamba mahali pale palikuwa pa wanaume. Mke aliishi katika kijiji cha rika la mumewe, na mbele ya baba mkwe hakutakiwa hata kumtazama, sembuse kuzungumza naye. Ukwangala wa wengine ulisimama juu ya kimya cha wengine.

Leo mahali pengi pa maamuzi hapana rika. Mama aliyetoka Matema anaketi mbele ya tabibu. Tabibu anamwuliza, "Una swali lolote?" huku mkono umeshika kadi ya mgonjwa anayefuata. Mama anajibu, "Hapana, asante." Jibu lile halihusu ugonjwa wake, ni heshima anayompa mkubwa.

Mwaka 2007 John Heritage na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa madaktari wa Marekani. Baadhi waliuliza kama kuna jambo jingine lolote. Wengine, kama kuna jambo jingine ambalo mgonjwa angependa walizungumzie siku ile. Katika Kiingereza tofauti ilikuwa neno moja tu. Lakini miongoni mwa wagonjwa waliofika na shida zaidi ya moja, swali la pili liliondoa asilimia 78 ya shida ambazo zingebaki bila kushughulikiwa. Sijui jaribio hilo lingetoa nini kwa Kiswahili, ila nadhani kila aliyepita darasani anakijua kimya kinachofuata "swali lolote?" la mwalimu anayefunga daftari.

Yupo atakayesema kwamba kunyamaza mbele ya wakubwa ni heshima yetu, na kwamba elimu hii ya kigeni itawafundisha vijana ufidhuli. Hoja hiyo ina uzito. Lakini heshima ni deni la pande mbili. Mdogo akimwachia mkubwa zamu zote, amemkabidhi amana; mkubwa akiitumia amana hiyo kudai kwamba mdogo amekubali, amemdhulumu. Simtaki binti wala mkulima apaze sauti kuliko malezi yake yanavyomruhusu. Namtaka mwenye kugawa zamu aulize swali lenye nafasi ndani yake, kisha asubiri, akubali kukaa na kile kimya kinachomchoma mpaka mwenzake apate neno.

Na jibu lisipokuja, katibu aandike kilichotokea: kwamba swali liliulizwa, na watu walinyamaza.