KUSAMEHE NI KUNYAMAZA?



Katika kartie zetu za Lubumbashi tunasikia mara nyingi neno hili: "Wameniibia, lakini nitaenda kwa polisi kufanya nini?" Na mkristo anaongeza: "Nimesamehe, ninamwachia Mungu." Je, huo ni msamaha kweli, ao ni woga uliovaa nguo ya msamaha? Tuangalie jambo hili kwa upole, ili aliyeumizwa asipate tena mzigo wa hukumu yetu.

Sababu za kunyamaza zipo, na si za upuuzi.

1. Makuta. Mwenye kushitaki anaombwa falanga za karatasi, za konvokasio, za transport ya askari. Aliyeibiwa radio anaweza kulipa kupita bei ya radio.

2. Woga. Mtu anafungwa siku ya kwanza, siku ya ine anapita mbele ya nyumba yako. Anajua mlango wako na njia ya watoto wako ya masomo.

3. Kumbukumbu. Babu zetu walijua fimbo ya Force Publique. Sisi wenyewe tulisikia na tuliona, mwaka wa 1991 na wa 1993, askari wa Zaire wakipora maduka na nyumba za watu. Katiba ya 2006 inasema polisi inalinda watu na mali yao, lakini moyo uliopigwa haupone kwa karatasi.

4. Haya na ukoo. Kama mkosaji ni mjomba ao shemeji, familia inasema: mambo ya nyumba hayatoki inje.

Basi, anayenyamaza kwa sababu hizi tusimwite mwoga wala mwenye zambi.

Lakini tuulize tena: kunyamaza kunazaa nini? Uchungu haufi, unatafuta njia ingine. Kijana anashikwa sokoni, watu wanapiga kelele "Mwizi!", wanaleta tairi na petroli. Mwingine anaenda kwa mganga kutafuta radi ya kumpiga aliyemwibia. Mwingine anakuja kwa mtumishi wa Mungu akisema: "Nionyeshe nani aliiba." Wapendwa, jina lililotajwa katika maono si ushahidi. Kwa njia hiyo watoto wasio na kosa wameitwa wachawi na kufukuzwa nyumbani, na sheria ya mwaka wa 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaazibu anayefanya hivyo.

Sasa, kusamehe ni nini? Ni kuondoa kisasi moyoni. Deni la moyo wangu ni langu, ninaweza kulifuta. Lakini usalama wa jirani yangu si mali yangu, siwezi kuutoa zawadi. Aliyevunja mlango wangu leo, kesho atavunja wa mjane. Kwa hiyo mtu anaweza kusamehe, na kusema ukweli mbele ya OPJ bila chuki.

Wengine wanasema Mtume Paulo aliwakemea Wakorinto waliopelekana mbele ya waamuzi. Ni kweli, lakini ilikuwa magomvi yao ya wao kwa wao. Paulo huyo huyo, watu walipopanga kumwua, alimtuma mwana wa dada yake kwa jemadari kutoa habari (Matendo 23). Na mjane wa Luka 18 alimrudilia mwamuzi mbaya mara nyingi, na Bwana hakumkemea.

Kuna jambo moja zito zaidi. Mtoto wa kike akiharibiwa, wazee wanakaa, wanapokea mbuzi na falanga, wanasema: amani. Nani aliwapa uwezo wa kusamehe mahali pa mtoto? Sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba 2006 haikubali OPJ apokee faini ili afunge kesi ya namna hiyo. Tena mtoto afikishwe hospitali upesi, mbele ya masaa 72 kupita, ili dawa za kuzuia ukimwi zimsaidie. Maombi yamfuate hospitali, yasimcheleweshe nyumbani.

Tufanye nini basi? Tusimwambie aliyeumizwa "nenda ushitaki", kisha sisi turudi kula. Shemasi mmoja na mama mmoja wamsindikize. Tuchange transport. Aliyeona asimame kuwa shahidi. Anayeogopa usiku, apate ndugu wa kulala kwake. Anayekataa kushitaki, tumheshimu na tusimwache. Lakini juu ya mtoto, wakubwa hawana ruhusa ya kunyamaza.

Na wewe ndugu unayevaa uniforme ya polisi na kuketi pamoja nasi siku ya Bwana: usimwombe mjane falanga za karatasi. Na kama mkosaji ni mtu wetu, hata mwenye cheo kanisani, tusimfunike kwa kanzu yetu.

Mungu awape nguvu wote waliolia bila kusikilizwa. Amina.