Ole Wao, Ole Wangu

Somo: Isaya 5 na 6, 1 Yohana 1:5-10



Dada mmoja aliniuliza baada ya ibada: "Mchungaji, mbona tangu niokoke naona dhambi zangu ni nyingi kuliko zamani? Ama sikuokoka?" Wengi wetu tunalibeba swali hilo kimyakimya.

Fungua Isaya 5. Nabii anahubiri kwelikweli. Mara sita anasema "ole": ole wao wanaorundika mashamba, ole wao wanaoamkia pombe, ole wao wanaouita uovu wema. Yote ni kweli. Lakini ingia sura ya 6. Anamwona Bwana katika kiti cha enzi, anasikia maserafi wakimtangaza kuwa mtakatifu mara tatu, na ile "ole" ya saba inamwangukia nani? Yeye mwenyewe! Tena anataja midomo yake, kiungo kilekile alichokuwa akihubiria.

Hilo ndilo fumbo la utakatifu. Ukiwa mbali na Mungu unajiona msafi. Ukimkaribia unaona madoa. Uchafu haujaongezeka, mwanga ndio umeongezeka.

Acha niseme yangu. Mwaka jana, msimu wa viazi, nilimpakilia mnunuzi mmoja magunia ya Shangi. Juu niliweka vikubwa, katikati vidogo na vilivyokatwa na jembe. Hapa Kibirichia nani hajui mchezo huo? Jumapili nikahubiri uaminifu, nanyi mkasema Amina! Jumatano, kwenye maombi, nilitamani maono ya mbinguni. Roho Mtakatifu akanionyesha gunia. Nikabishana: "Bwana, si kila mtu anafanya hivyo?" Sikujibiwa. Nikampigia yule ndugu simu, nikamweleza, nikamrudishia pesa. Sitawadanganya eti alifurahi. Alipokea pesa zake, na hajanunua kwangu tena. Lakini Jumapili iliyofuata nilisimama madhabahuni bila gunia mgongoni.

Wazee wetu wa Uamsho wa Afrika Mashariki waliijua njia hii. Mwaka 1929 Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini, Rwanda, alikuwa amechoka rohoni. Akakutana na Simeoni Nsibambi pale Namirembe, Kampala, wakasoma Neno na kuomba pamoja. Hawa walikuwa watu wa kanisa tayari, si walevi wa barabarani! Moto ukaenea, na mwaka 1937 kikundi chao kikafika Kabete, hapa kwetu Kenya. Walioguswa walikiri dhambi waziwazi na kurudisha vitu walivyoiba. Ndio walioitwa Balokole, yaani waliookoka.

Sasa angalia, usije ukaishia kwenye "ole" na kukata tamaa. Isaya hakuambiwa aende akajioshe kwanza. Kaa la moto lilitoka madhabahuni, si kwake, na lilimgusa palepale alipokiri: midomoni. Kisha akatumwa. Naye Yohana anatuambia kwamba wanaotembea nuruni ndio hao hao ambao damu ya Yesu inawasafisha. Umeona? Aliye nuruni bado anasafishwa!

Sisi wakulima tunajua kwamba kiazi kikiachwa mwangani kinageuka kijani na kuwa sumu, ndiyo maana tunakifunika. Dhambi ni kinyume. Ukiifunika, hapo ndipo inakuwa sumu.

Dada yangu, hujapotea. Umekaribia. Wiki hii usihangaike na "ole" ya jirani. Muulize Bwana akuonyeshe gunia moja tu, lako. Kama ni la kurudisha, rudisha. Kama ni la kuomba msamaha, nenda, hata kama aliyekosewa ni mtoto wako.

Tuombe: Bwana Mtakatifu, tumesema ole wao mara nyingi. Leo tunaleta ole yetu. Tuguse palepale tulipokiri, kisha ututume. Katika jina la Yesu, Amina.