Mwenye Shamba Anatuma Tena

Kuna mfano mmoja wa Yesu ambao ukiusoma ukiwa Molo au Naivasha, huhitaji mhubiri akufafanulie. Mtu ana shamba la mizabibu. Anawakodishia wakulima, anasafiri. Mavuno yakifika anatuma watumishi wachukue sehemu yake. Mmoja anapigwa, mwingine anauawa, wa tatu anatupiwa mawe. Anatuma wengine, tena wengi zaidi. Yaleyale. Mwishowe anamtuma mwanawe, na wakulima wanaambiana kwamba wakimmaliza mrithi, shamba litabaki kuwa lao.

Tuambiane ukweli: hiyo ni kesi ya shamba. Na sisi wa Bonde la Ufa kesi za shamba tunazijua.

Kinachonisumbua ni huyo mwenye shamba. Mfanyabiashara yeyote wa Nakuru angeita polisi baada ya mtumishi wa kwanza. Yeye anatuma tena. Kanisani tunaambiwa hiyo ndiyo neema, Mungu hachoki na watu wanaowakataa wajumbe wake. Sawa, lakini bili ya hiyo neema analipa nani? Mtumishi wa tatu bila shaka alisikia yaliyompata wa pili, na bado akafunga viatu akaenda.

Hapa kwetu wajumbe tulipata. Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki aliongoza jimbo Katoliki la Nakuru kuanzia 1971 hadi 1996. Mapigano yalipoanza Oktoba 1991 kule Meteitei na baadaye kufika Molo na Olenguruone, alikuwa kati ya viongozi wa dini walioilaumu serikali hadharani, wakati kufanya hivyo hakukuwa mchezo.

Halafu kuna Padri John Kaiser, Mmarekani wa shirika la Mill Hill aliyefika Kenya 1964. Watu walipofukuzwa Enoosupukia mwaka 1993, yeye alikwenda kukaa nao kwenye kambi ya Maela, huko Naivasha. Desemba 1994 serikali ikaivunja kambi, watu wakapakiwa kwenye malori usiku. Kaiser hakunyamaza. Mwaka 1999 alisimama mbele ya Tume ya Akiwumi, iliyokuwa ikichunguza mapigano hayo, akataja wakubwa kwa majina. Mwaka huohuo serikali ikajaribu kumfukuza nchini, kisha ikarudi nyuma. Tarehe 24 Agosti 2000 mwili wake ulipatikana kando ya barabara kuu ya Nakuru kwenda Nairobi, karibu na Naivasha, akiwa amepigwa risasi kichwani. FBI wakaandika kwamba huenda alijiua. Maaskofu wakakataa katakata. Tarehe 1 Agosti 2007, hakimu Maureen Odero aliamua kwamba aliuawa.

Haikufika hata miezi sita. Januari 2008 Nakuru na Naivasha zikawaka, majirani wakachomana, na mambo aliyoyasema Kaiser mbele ya tume yakarudi kama vile hakuna mtu aliyewahi kuyasema.

Kwa hiyo ukiniambia neema ni kwamba Mungu ametusamehe, basi, yaishe, nitakuomba urudi kwenye ule mfano. Wale watumishi hawakubeba ujumbe wa kufariji. Walikuja kudai. Kila mmoja alibeba deni lilelile: leteni mavuno, mnajua si yenu yote. Uvumilivu wa mwenye shamba haukufuta hilo deni hata senti. Neema katika hadithi hii ina sura ya mtu anayebisha hodi kwa mara ya nne kuuliza jambo ulilokataa kujibu mara tatu. Haipendezi. Ndiyo maana tunapenda ile nyingine, ya kuimba Jumapili huku mabati ya jirani aliyekimbia yakiwa kwenye paa letu.

Na kwa yule aliyefukuzwa? Nakiri hapa hoja yangu inachechemea. Kila mjumbe mpya ni muda zaidi kwa mkulima, na muda huo unakatwa kwenye maisha ya mtu anayelala kambini. Mama aliyetolewa Maela usiku hawezi kuombwa aufurahie uvumilivu wa Mungu kwa watu waliomtoa. La kusema ni kwamba mwenye shamba hakukaa mbali salama akitumia watoto wa wenzake. Mwishowe alituma wake. Sijui kama hilo linamtosha mama huyo, na sidhani ni kazi yangu kumjibia.

Kuna kitu kidogo katika Mathayo ambacho wengi hukipita mbio. Yesu anapomaliza, anawauliza wasikilizaji mwenye shamba atawafanyia nini wakulima wale. Wanaojibu haraka kwamba awaangamize ni wao, wazee na makuhani. Hawajagundua bado kwamba wanazungumziwa wao.