Je, Mnyama wa Mchezoni Ana Haki?



Nakuandikia kutoka Makoko, Musoma, kwenye ufuko wa ziwa Viktoria, mbali na pwani nilikozaliwa na kusomeshwa chuoni. Hapa nasomesha watoto Kur-ani, na mwaka huu tunajenga ukuta wa madrasa kwa sadaka za Waislamu. Alasiri moja baada ya darasa, mjukuu wangu, kijana wa miaka kumi na sita, alinijia na kompyuta mkononi akaniuliza mas-ala ambayo katika umri wangu wote wa kusomesha sikupata kuulizwa. Alisema: "Babu, nimewafungia kondoo ndani ya vyumba wanipigie hesabu. Je, napata dhambi?"

Nilicheka. Kisha nikakumbuka kuwa walimu wetu walitufunza tusitoe hukumu ya jambo kabla ya kulijua lilivyo. Nikamwambia akae anieleze.

Mchezo wenyewe unaitwa Dwarf Fortress. Umetungwa na ndugu wawili wa Marekani, Tarn Adams na Zach Adams, na ulitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2006. Mchezaji hujenga mji mdogo chini ya mlima. Hawaendeshi watu wake kwa mkono, bali huamrisha pachimbwe, pajengwe, pawekwe mlango, nao hufanya. Wanyama waliomo huenda wapendapo, kila mmoja kwa tabia aliyopangiwa. Mchezaji aweza kuweka sakafuni kibao ambacho kikikanyagwa, mlango ulio mbali hufunguka au hufungika.

Kwa vibao na milango hiyo, wachezaji wengine wamejenga ndani ya mchezo mashine za kuhesabia. Wako waliotumia maji na magurudumu, na wako waliotumia wanyama. Nifuate pole pole, kwani si jambo gumu. Chukua njia moja yenye milango miwili, mmoja mbele ya mwenzake. Kondoo hafiki mwisho ila milango yote miwili iwe wazi. Hiyo ndiyo "na". Sasa chukua njia mbili, kila moja na mlango wake, zikutane mwisho. Kondoo hufika ukiwa wazi huu au ule. Hiyo ndiyo "au". Kisha fanya kibao ambacho kikikanyagwa hufunga badala ya kufungua. Hiyo ndiyo "si". Kwa maneno matatu haya, na, au, si, hesabu yote yaweza kufanywa. Mwingereza George Boole aliyaandikia kitabu mwaka 1854, na mwaka 1937 Mmarekani Claude Shannon alionyesha kuwa swichi za umeme zaweza kuyatenda. Kompyuta zote za leo zimesimama juu ya msingi huo. Na kabla yao wote, katika karne ya tisa, alikuwapo Baghdad mwanachuoni wetu Al-Khwarizmi, ambaye jina lake ndilo lililozaa neno algorithimu, yaani mpango wa kufuata hatua kwa hatua mpaka kufikia jawabu.

Basi mjukuu wangu akafungua mlango mmoja, akafungua wa pili, kondoo wakatembea, na kwenye kibao cha mwisho ikatoka jawabu ya moja na moja. Nikamwuliza: "Katika kondoo hawa, yuko ajuaye kuwa moja na moja ni mbili?" Akasema: "Hakuna, babu. Kila mmoja anatafuta njia yake tu."

Ndugu msomaji, hapo ndipo palipo na mas-ala. Hesabu imetimia, na waliyoitimiza hawaijui. Ujuzi wote uko kwa aliyeweka milango. Na ikiwa ujuzi ni wake, basi na dhima ni yake, wala hapana wa kugawana naye. Mnyama haijui hesabu yetu. Yeye ajuacho ni njaa, na kiu, na khofu, na uchovu. Basi la kumwuliza mwenye milango ni hili: huyu uliyemtumia, je, anayo njaa na kiu?

Kondoo wa mjukuu wangu hana. Huyo ni tarakimu zilizovikwa jina. (Mas-ala ya sanamu na picha wanachuoni wameyasema, wala siyo niliyoyakusudia leo.) Ukimfunga hateseki, kwa kuwa hayuko wa kuteseka.

Lakini usidhani jambo hili limebaki mchezoni. Mwaka 2012 zilienea habari za wataalamu wa Kobe nchini Japani na Bristol nchini Uingereza, akina Yukio-Pegio Gunji na Andrew Adamatzky, waliofanya "na" na "au" kwa kaa wa kweli, wale wadogo waendao makundi makundi pwani maji yakitoka. Waliwatia katika vijia, wakawatisha kwa kivuli mfano wa kivuli cha ndege, makundi yakakimbia, yakakutana, yakashika njia moja. Nyinyi watu wa pwani mnamjua kaa aonapo kivuli. Khofu ile haikuwa tarakimu.

Na hapa kwetu Tanzania tunao mfano mwingine. Tangu mwaka 2000, shirika la APOPO pamoja na Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wanawafunza panya buku kunusa baruti ya mabomu yaliyozikwa ardhini. Panya ni mwepesi, hawezi kuliripua bomu kwa uzito wake. Akisikia harufu hukwaruza ardhi, naye hupewa ndizi au karanga. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa Tanzania, akapelekwa Kambodia, akafichua mabomu 71 ya kutegwa ardhini. Mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu, mwaka 2021 akapumzishwa kazi kwa uzee, na Januari 2022 akafa. Magawa hakujua bomu ni nini, wala hakumjua mtoto aliyesalimika mguu wake. Yeye alijua ndizi. Lakini waliojua walimlipa, na alipochoka walimwacha apumzike. Hiyo ndiyo dhima iliyotekelezwa.

Nikampa mjukuu wangu jawabu hivi: "Kondoo wako hana haki juu yako, kwa kuwa hana roho. Ila mimi nauogopea moyo wako. Moyo huzoea. Atakayezoea kusoma jawabu kwenye kibao pasi na kumtazama aliyekikanyaga, siku moja atamtenda hivyo mwenye roho." Nikamsimulia habari ya mwanamke aliyemfungia paka, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie, akaingia motoni kwa ajili yake. Nikajiona nimesema maneno mema.

Kijana akanyamaza kidogo. Kisha, kwa adabu, macho yake chini, akasema: "Na yule punda wa maji, babu, naye je?"

Sikumfahamu. Akaniambia: "Yule anayeleta maji ya ukuta. Mgongoni ana kidonda. Kina nzi."

Wallahi, ndugu msomaji, punda yule alikuwa akija uani kwangu kila siku kwa muda wa wiki tatu. Nilikuwa nakaa barazani na daftari, naye alipofika nilihesabu madumu na kutia alama. Nikikuulizwa madumu mangapi yaliletwa Jumanne, nitakwambia bila kufungua daftari. Ukiniuliza rangi ya punda, siijui. Sijapata kucheza mchezo wowote wa kompyuta, na ugonjwa niliomwogopea mtoto nilikuwa nao mimi, tena katika kazi ya kujenga nyumba ya Kur-ani.

Nilitoka kwenda kumtazama. Kidonda kilikuwa upana wa kiganja, pale dumu linaposugua.

Nikaikumbuka habari ninayowasomesha watoto kila mwaka, ya ngamia katika shamba la kijana wa Kiansari. Ngamia alipomwona Mtume (S.A.W.) alilia mpaka machozi yakamtoka. Mtume akampapasa, akamwita mwenyewe, akamwonya amche Mwenyezi Mungu katika mnyama huyo, kwani amemshitaki kuwa anamshindisha na njaa na kumchosha. Miaka yote nilidhani habari ile ni ya mtu mkatili. Sasa naona huenda kijana yule hakuwa mkatili. Huenda alikuwa akihesabu tende.

Mwenye punda ni kijana masikini anayelisha mama yake. Sikuwa na haki ya kumgombeza, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikimhimiza alete zaidi. Tulikubaliana punda apumzike mpaka apone, na siku hizo nimlipe yeye kwa kutusaidia kuchanganya udongo. Fedha hiyo niliitoa mfukoni mwangu, si katika sadaka, kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Ukuta umechelewa. Waliouliza sababu nimewaambia kama ninavyokwambia wewe.

Basi nawe utazame nyumbani kwako. Yuko nani anayekanyaga kibao, nawe unasoma jawabu tu? Pengine ni punda. Pengine ni mtumishi wa jikoni, ambaye chai yake unaijua na jina la mtoto wake hulijui. Huyo ana roho, na tena hesabu anaijua.

Wallahu aalam.